Nepi zinakakamaa na mtoto ana vipele: nifueje kwa maji yetu ya Dodoma?

SWALI

Shikamoo dada muuguzi. Niko Nkuhungu, Dodoma, nina mtoto wa kiume wa wiki tano, uzao wangu wa kwanza. Mama mkwe alinitumia nepi 12 za kitambaa nikafurahi sana, maana pampasi za kila siku siziwezi. Wiki mbili za kwanza zilikuwa laini. Sasa zimekakamaa kama kadibodi, mkojo unachuruzika pembeni kabla nepi yenyewe haijalowa, na mtoto ana wekundu na vipele matakoni. Nafua kwa sabuni ya mche, nasuuza mara moja tu kwa sababu maji kwetu ni ya mgao. Jirani ananiambia nepi za kitambaa zimepitwa na wakati. Niache? Na kama naendelea, nianzeje upya?

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Usiache. Nepi zako ni nzima, zimejaa sabuni.

Maji mengi tunayotumia hapa yanatoka ardhini. Visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, vimeunywesha mji huu miaka mingi, na mitaani watu wengi wana visima vyao. Maji ya namna hii huja na madini ya chokaa. Utayaona kwenye ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya sufuria ya kuchemshia maji. Sabuni ya mche ikikutana na madini hayo povu linagoma, na badala yake unatokea utando wa kijivu, ule unaong'ang'ania kwenye ukingo wa beseni. Utando huohuo unajishika kwenye nyuzi za nepi. Kila ukifua unaongeza tabaka jingine, na kwa kuwa unasuuza mara moja, hakuna cha kuliondoa. Matokeo yake kitambaa kinakuwa kigumu, kinakataa mkojo, na sabuni iliyobaki inaichoma ngozi ya mtoto kila nepi inapolowa.

Thibitisha mwenyewe leo. Chukua nepi iliyo safi na kavu, itandaze, idondoshee tone la maji kwa kidole. Pamba iliyo safi hulinywa tone palepale. Likikaa juu kama ushanga kisha likateleza, umeona tatizo kwa macho yako. Halafu itumbukize nepi hiyo kwenye beseni la maji matupu, uivuruge kwa mkono. Maji yakigeuka meupe au yakatoa povu wakati hujatia sabuni, basi hiyo ni sabuni ya wiki zilizopita.

Kuzirudisha ni kazi ya asubuhi moja. Panga uifanye siku maji yanapotoka. Weka nepi safi kwenye sufuria kubwa ya maji bila sabuni yoyote, zichemke kwa dakika 10 huku ukizigeuza kwa mti. Mwaga maji hayo, rudia mpaka yasitoe povu tena. Kisha zisuuze kwenye ndoo ya lita 10 uliyotia nusu kikombe cha siki nyeupe, ile ya kachumbari, umalizie na maji matupu. Siki inayeyusha chokaa na ule utando. Ukifanya hivi mara moja kwa mwezi inatosha. Ila nakuomba sana, siki isikutane na jiki wala dawa yoyote yenye klorini, iwe kwenye ndoo au kwenye nepi. Vikichanganyika hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na mtoto wako yuko hapohapo mgongoni.

Kuanzia hapo, kwa nepi tumia sabuni ya unga, maana haifanyi ule utando kama sabuni ya mche. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita 10 kinatosha. Ukizidisha, unahitaji maji mengine ya kuiondoa. Dawa ya kulainisha nguo usiitie kabisa. Inanukia vizuri, lakini inapaka nyuzi mafuta na nepi inaacha kunywa.

Sasa maji yenyewe. Najua uchungu wa kuhesabu madumu. Mwanangu wa kwanza nilimlea kwenye chumba cha kupanga, maji yakija mara mbili kwa wiki, na mimi muuguzi mzima nilikuwa nakata maji ya kusuuza ili yabaki ya kupikia. Alichubuka mpaka nikilia naye wakati wa kumbadilisha. Tangu hapo kila mama ninayekutana naye namwambia hivi: maji yakiwa machache, punguza sabuni, usipunguze kusuuza.

Nepi 12 za siku moja zinafulika kwa lita 30, yaani dumu moja na nusu. Zenye kinyesi zisuuze kwanza kwa maji ya baridi, kwa sababu ya moto yanagandisha doa, na maji hayo uyamwage chooni. Watu husema kinyesi cha mtoto anayenyonya ni kisafi. Hapana, kina vijidudu kama cha mtu mzima, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kila unapokishika. Kisha fua zote kwa lita 10 za maji ya moto yenye sabuni ya unga. Halafu suuza mara mbili, kila mara lita 10. Maji ya suuzo la mwisho yafunike uyatunze. Kesho ndiyo yatakayoondoa kinyesi. Mvua zikianza Desemba, kinga maji ya bati baada ya mvua kuosha vumbi la paa. Maji ya mvua hayana chokaa, na nepi iliyosuuzwa kwayo utaitambua kwa kuigusa tu.

Nepi zinazosubiri kufuliwa zikae kavu kwenye ndoo yenye mfuniko. Kuziloweka siku mbili kunaleta harufu, na ndoo ya maji ndani ya nyumba ni hatari kwa mtoto anayetambaa, wako na wa jirani.

Kuanika, hapo Dodoma imetupendelea. Zikung'ute kwa nguvu kabla ya kuzitundika, na ukianua, zisugue mkono kwa mkono hadi ule ukakamavu uvunjike. Jua letu hufuta madoa ya njano ya maziwa ya mama vizuri kuliko dawa, hasa nepi ikianikwa ikiwa bado mbichi. Tundika kwenye kamba, usitandaze kwenye nyasi wala kwenye ua, na anua kabla upepo wa mchana haujaleta vumbi. Ukiweza, piga pasi, hasa ukisafiri kwenda mikoa yenye unyevu: kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa kivulini au chini, na funza wake huingia kwenye ngozi. Joto la pasi linayaua mayai.

Nepi 12 ni chache kwako. Mtoto wa umri huo hubadilishwa mara 10 hivi kwa siku, kwa hiyo ukiwa na 24 unafua siku moja na kupumzika siku moja. Kabla hujanunua, angalia sanduku lako la khanga. Khanga ya pamba iliyofuliwa miaka mitatu ni laini kuliko nepi yoyote ya dukani. Khanga huwa na upana wa sentimita 110 na urefu wa 150 hivi. Kata miraba miwili ya sentimita 75, utabakiwa na utepe mrefu wa sentimita 35. Ukate vipande vinne, kila kimoja kikunje mara tatu, una pedi za katikati. Ipime khanga kwa lile tone la maji kabla ya kuikata, kwa sababu siku hizi ziko za nailoni ambazo hazinywi kitu. Na nepi yoyote mpya, ya khanga au ya dukani, ifue mara mbili tatu kabla ya kumvalisha.

Kuvalisha: kunja mraba uwe pembetatu, upande mrefu juu, usawa wa kiuno. Pedi ilaze katikati. Kwa kuwa wako ni wa kiume, sehemu nene iwe mbele. Pandisha ncha ya chini katikati ya miguu, leta za pembeni juu yake, funga kwa pini ya nepi. Kidole chako kiwe kati ya pini na tumbo la mtoto muda wote, bora ujichome wewe. Pini isipopenya, ichomeke kwanza kwenye kipande cha sabuni, itateleza. Miguu ibaki imejikunja na kupanuka kama ya chura. Usiinyooshe na kuifunga pamoja, nyonga zake bado zinajijenga. Chupi ya plastiki iwe ya safari tu. Ukimvalisha kutwa kwenye joto hili, unamtokosa.

Hivyo vipele viangalie vizuri mchana, penye mwanga. Kama wekundu uko pale nepi inapogusa na ndani ya mikunjo ya mapaja ngozi ni safi, ni mkojo na sabuni. Mbadilishe kila baada ya saa mbili na mara tu anapojisaidia, mwoshe kwa maji matupu, mlaze matako wazi juu ya khanga kwa robo saa, mara tatu kwa siku. Mafuta ya mgando paka kidogo sana, maana yakizidi yanahamia kwenye nepi na kuifanya ikatae maji. Poda usitumie, anaivuta kifuani. Ndani ya siku tatu utaona nafuu. Ila wekundu ukiingia kwenye mikunjo na kuzungukwa na vidoti vidogo, huenda ni fangasi. Mlete kliniki, usinunue krimu kwa kubahatisha dukani. Na ukiona malengelenge, usaha, homa, au anakataa kunyonya, usisubiri kesho.

Jirani yako usigombane naye. Mimi mwenyewe safari ya Dar es Salaam ningemvalisha mtoto pampasi. Lakini kwa nepi wewe unajua mtoto amekojoa mara ngapi, na mkojo wa mara sita au zaidi kwa siku ndio unaokuonyesha kwamba maziwa yako yanamtosha. Mama wengi wanakuja kwangu na hofu ya maziwa, nami nawauliza kwanza habari za nepi.

Wiki ijayo anatimiza wiki sita na atakuja kwenye chanjo. Sindano atachomwa pajani na huenda pakavimba kidogo, kwa hiyo siku hiyo mfunge nepi kwa kulegeza, mkunjo usifike mahali alipochomwa. Na njoo na nepi moja uliyoichemsha, tuidondoshee maji pamoja.