Usikae kimya, haki zako zitakufa

Acha kabisa hiyo ya "nakaa tu nasubiri bei irudi". Nimesoma ulivyoandika, kampuni inatoa hisa mpya kwa wanahisa wake, wewe huna mpango wa kununua, unauliza bei itashuka kiasi gani. Mimi nilikaa hivyo hivyo na ikanila.

Nilikuwa na hisa 1,000, bei sokoni 100. Ikaja barua, kila mwenye hisa mbili za zamani anaruhusiwa kununua moja mpya kwa 40, ruhusa hiyo ndiyo inaitwa haki. Nikampigia dalali wangu, akaniambia we tulia, bei ikiteremka ni upepo tu utapita. Upepo! Mtu anakula kamisheni yangu kila nikinunua na kila nikiuza, anashindwa kushika kalamu apige hesabu hii: hisa mbili za 100 ni 200, ongeza moja ya 40 zinakuwa 240, gawa kwa tatu, 80. Na siku hisa zilipoanza kuuzwa bila ile haki, bei ikafungua 81. Hakuna aliyeogopa, hakuna habari mbaya, ni hesabu tu, sasa irudi wapi?

Waliolipia hisa mpya, huko kushuka kwa bei hakukuwaumiza, maana walichopungukiwa kwenye hisa za zamani walikipata kwenye mpya, wamenunua kwa 40 kitu cha 80. Mimi nilikuwa na haki ya kununua hisa 500, kila haki moja ina thamani ya karibu 40 (80 toa 40 ya kulipia), yaani kama 20,000 hivi, na ningeweza kuziuza hizo haki zenyewe sokoni hata kama sina senti ya kununulia hisa. Sikuuza. Tarehe ikapita, zikafa, 20,000 ikayeyuka hivi hivi naangalia, na hisa zangu 1,000 zikawa kipande kidogo zaidi cha kampuni ile ile, theluthi ya sauti yangu imekwenda.

Kwa hiyo lipia au uza, basi! Soma kwanza kama haki zako zinauzika, kuna matoleo hayaruhusu, na hapo kama hela haitoshi lipia hata chache. Halafu angalia tarehe mbili, mwisho wa kuuza haki kwa kawaida unatangulia mwisho wa kulipia, mimi nililijua hilo nimeshachelewa. Barua yako inasema tarehe ngapi?