Fleti yako ikipigwa mnada na chama cha wamiliki Texas, hesabu siku 90

Mwaka niliokwenda Tanga kumuuguza mama, nilikaa miezi saba bila kulipa ada ya kila mwezi ya chama cha wamiliki wa fleti zetu hapa Houston. Rehani ya benki ilikuwa ikikatwa yenyewe kwenye akaunti, nami nikajidanganya kwamba maadamu benki inapata chake, nyumba iko salama. Niliporudi nilikuta kitasa kimebadilishwa na karatasi imebandikwa mlangoni kwa selotepu: fleti ilikuwa imeuzwa mnadani Jumanne ya kwanza ya mwezi uliopita, na aliyeinunua ni chama chenyewe.

Sikujua kwamba kwa sheria ya Texas, mtu anaponunua fleti ya namna hii huwa amekipa chama mamlaka ya kuiuza akidaiwa ada, bila kwanza kufungua kesi mahakamani. Chama hakiruhusiwi kuuza kwa sababu ya faini tupu. Deni langu, kwa bahati mbaya, lilikuwa ada halisi.

Rafiki mmoja, kwa nia njema kabisa, aliniambia nina siku 180 za kuikomboa. Nusura aniponze. Siku 180 ni za nyumba zilizo katika mitaa yenye chama cha wenye nyumba, ambayo ina sura yake nyingine ya sheria. Sisi wa fleti tunaongozwa na kifungu cha 82.113 cha Sheria ya Mali ya Texas, kinachotoa siku 90, tena zinahesabiwa tangu siku ya mnada, si tangu siku uliyoiona karatasi. Mimi zilikuwa zimebaki 51. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa la kuuliza ni nani aliyenunua, kwa sababu kifungu hicho kinazungumzia fleti iliyonunuliwa na chama. Kama mnunuzi ni mtu wa nje, usipoteze hata siku moja kabla ya kumwona mwanasheria.

Jambo la pili ni kudai hesabu kwa maandishi, kipengele kwa kipengele. Mkombozi hulipa deni lililokuwepo siku ya mnada, riba yake, gharama na ada ya wakili zilizo za kiasi, ada zilizoendelea kuingia baada ya mnada, na gharama za kuitunza fleti. Hesabu ya kwanza niliyoletewa ilikuwa jumla moja tu, nikaikataa kwa barua ya rejista. Ya pili ilionyesha kwamba chama kilikwisha kuipangisha fleti kwa mwezi mmoja, na kodi ile haikuwa imepunguzwa popote. Sheria inasema kodi iliyokusanywa katika kipindi hicho ni ya chama, lakini lazima ihesabiwe kupunguza kiasi cha kukombolea. Niliwaandikia mstari huo mmoja, wakaipunguza bila ubishi.

Usitishwe na maneno kwamba fleti imeshapata mteja: ndani ya siku hizo 90 chama hakiruhusiwi kumhamishia umiliki mtu yeyote isipokuwa mwenyewe anayeikomboa. Wakati huohuo usiache kulipa rehani, maana fleti iliyokombolewa inarudi na madeni yote yaliyokuwa juu yake kabla ya mnada.

Nililipa siku ya 83 kwa hundi ya benki, fedha nyingi zikiwa za kukopa kwa shemeji, na sikuondoka ofisini mpaka nilipopewa risiti iliyotiwa sahihi na tarehe. Hati ya kunirudishia umiliki ilipotoka niliipeleka siku hiyohiyo kwa karani wa kaunti isajiliwe, kwa kuwa hati iliyolala kabatini haimzuii mnunuzi wa baadaye ambaye hakuwa na habari kwamba umekomboa. Kitasa nilibadilisha mwenyewe jioni ile.