Re: Nikibadilisha tempo, sauti za kwaya zinavutika

Habari ndugu yangu wa Makambako. Nimekusoma: uko kwenye REAPER (programu ya kurekodi muziki) na NVDA (kisomaji skrini cha wasioona), kwaya ilipunguza tempo, yaani mwendo, ubeti wa mwisho, kutoka mapigo 96 hadi 80 kwa dakika, unataka kinanda cha MIDI (noti zinazopigwa na kompyuta) kiwafuate. Ila ukiweka tempo mpya, waimbaji nao wanavutika.

Mimi pia sioni, na nyimbo za kwaya za huku Mbeya ndizo kazi yangu. Anza kuangalia traki (njia za kurekodia) za waimbaji, tempo yenyewe iache kwanza. Zinavutika kwa sababu zimefungwa kwenye mapigo. Chagua traki ya sauti, bonyeza F4 kufungua orodha ya amri (kama umeweka OSARA, nyongeza inayofanya REAPER isomeke na kisomaji skrini), andika "track timebase", kisha chagua amri inayoishia na "time". Rudia kwa kila traki iliyorekodiwa kwa maiki. Ya kinanda usiiguse.

Sasa nenda pale wanapoanza kupunguza, bonyeza Shift+C kuweka maka (alama ya tempo), andika 96. Humo humo kwenye dirisha, tembea na Tab hadi usikie kisanduku kinachoanza na "Gradually", kitie tiki. Wengi wanakiruka hiki, halafu kinanda kinashuka ghafla kama gari kwenye tuta. Weka maka ya pili mwendo unapotulia, andika 80, bila tiki.

Washa metronomu usikilize. Pigo likiwatangulia waimbaji, bonyeza Ctrl+Z kutengua maka ya pili, kisha iweke tena mapema kidogo.

Kwa Mac na VoiceOver (kisomaji skrini chake) sijawahi kufanya, anayejua amsaidie.