Kubandika Wanajua Wengi, Nionyeshe Unavyobandua

Barua za safari hii nimezijibu kwenye meza yangu ya kutengeneza kucha hapa Mwanga, Kigoma, katikati ya wateja, kwa hiyo mkikuta jibu limekatika ghafla mjue kuna mtu kaingia na vidole vyake. Ya kwanza jibu lake ni refu, kwa sababu malalamiko ya namna hiyo ndiyo yanayoniletea watu wengi kuliko yote.

Dada, habari za kazi. Nilibandika kucha za jeli kwa ajili ya harusi ya kaka yangu. Wiki ya tatu zikaanza kuachia pembeni, nikazing'oa mwenyewe, nyingine kwa meno, nyingine kwa kijiko cha chai. Sasa kucha zangu zimekuwa laini, zinapinda, na nikishika kitu cha moto zinauma. Moja ina doa la kijani. Shangazi anasema ni fangasi na nisibandike tena maisha yangu yote. Ni kweli? – Mwenye Aibu, Kasulu

Mdogo wangu, aibu ya nini? Kijiko cha chai nakijua. Nimepokea waliotumia kisu cha mezani, na mmoja alitumia bisibisi ya mumewe fundi redio.

Ukucha ni tabaka juu ya tabaka za keratini, kitu kilekile kinachojenga nywele. Jeli ikishakauka kwenye taa hushikana na tabaka la juu. Ukiivuta kavu haitoki peke yake, inaondoka na tabaka hilo. Kilichopungua kwako ni unene, na unene haurudishwi na kitunguu saumu wala na yale mafuta ya miujiza yanayopita kwenye simu. Unarudi kwa kuota tu. Ukucha wa mkono huota kama milimita 3 kwa mwezi, basi hesabu miezi minne hadi sita kutoka shinani mpaka nchani. Wa mguu ni mzito zaidi, mwaka hadi mwaka na nusu.

Wakati unasubiri, zikate fupi kabisa. Ukitumia msasa, tumia ule laini, na upeleke upande mmoja badala ya kusugua huku na huku. Vaa glovu ukiosha vyombo au ukifua, maana ukucha mwembamba unaolowa na kukauka mara kwa mara hupasuka. Usiku paka mafuta kuzunguka shina la ukucha. Kwetu Kigoma tuna mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, yanatosha kabisa, ya nazi pia sawa. Mafuta hayaongezi kasi ya kuota, ila yanazuia mpasuko.

Hilo doa la kijani shangazi kalikosea jina. Mara nyingi kijani cha namna hiyo ni bakteria, sio fangasi. Anapenda mahali penye unyevunyevu pasipofikiwa na hewa, yaani pale hasa kati ya ukucha wako na ule wa bandia unapoanza kuachia. Usilifunike na rangi wala usibandike juu yake. Punguza sehemu iliyoachia, weka mkono mkavu, na doa litasogea mbele kadiri ukucha unavyoota. Ukiona maumivu, usaha, au ukucha unaendelea kunyanyuka, nenda zahanati.

Na kuhusu kutobandika tena maisha: hapana. Ulipokosea ni kwenye kubandua. Ndiyo sababu mimi kubandua ninatoza shilingi 5,000, na wapo wateja wananinunia, wanasema kwa jirani ni bure. Bure ya jirani ni koleo. Kazi yenyewe ni hii: unasugua juu mpaka mng'ao uondoke, unaloweka pamba kwenye asetoni, unaiweka juu ya ukucha na kuufunga kidole kwa karatasi ya foili, unasubiri dakika 10 hadi 15. Kisha unasukuma taratibu kwa kijiti cha mti. Inayogoma inarudi kwenye foili, hailazimishwi. Asetoni ukae nayo mbali na moto, mvuke wake tu unatosha kuwaka. Nasema hivi kwa sababu najua tunavyofanya, mtu anabandua kucha jikoni huku maharage yako kwenye jiko la mkaa.

Ukienda saluni mpya, kabla ya kuuliza bei ya kubandika, waulize wanabanduaje. Akikuonyesha koleo, mshukuru uondoke.

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa kiume, nimejifunza kucha Dar es Salaam na nimerudi nyumbani. Nina laki sita. Nataka kufungua saluni Mwanga au Gungu, rafiki ananishauri nichukue mkopo wa haraka niongezee. Lakini naogopa mambo mawili: wenzangu wanaotembea na vikapu vya rangi wanatoza elfu mbili tu, na waume za watu hawapendi nishike mikono ya wake zao. – Fundi Mpya, Kigoma

Marahaba mwanangu. Huo mkopo wa haraka una jina lake mtaani, kausha damu, na walioupa jina hilo walishakauka. Marejesho ya kila wiki hayakusubiri, na biashara ya kucha hapa kwetu haina mapato sawa kila wiki.

Sikiliza nikueleze kalenda yetu, Dar hawakukufundisha hii. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, taa haivuti samaki, mitumbwi inapumzika, na kwenye mwalo wa Kibirizi pesa inakauka. Mama wa dagaa ndiye mteja wangu mkubwa, kwa hiyo mwezi angani unaingia mpaka kwenye droo yangu. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapumzike wazaliane, tulioishi kwa mama wa dagaa tulikaa tukitazamana. Ukiwa na deni la kila wiki wakati kama ule, unauza taa yako ya kucha. Wiki za giza fanya kazi kubwa za kubandika. Wiki za mwezi mkali tangaza marekebisho, kubandua, na miguu. Walimu na wauguzi wao hufuata mshahara, kwa hiyo mwisho wa mwezi fungua mapema. Kabla ya Ramadhani harusi zinarundikana, baada ya Idi tena, na Desemba ndugu wanarudi kutoka mjini wakiwa na vidole vinavyotaka kuonekana.

Laki sita inatosha kama hutafungua saluni. Kodi kona kwenye saluni ya nywele yenye watu, lipa kwa wiki. Mwanamke anayesukwa anakaa muda wa saa nne na mikono yake haina kazi. Nunua taa nzuri, asetoni nyingi, na vifaa seti mbili, seti moja ikiwa kwa mteja nyingine iko kwenye dawa. Kila chupa ya jeli andika siku uliyoifungua, na kila mteja unayempaka tia alama kwenye daftari. Ikiisha utajua chupa inahudumia watu wangapi, na hapo ndipo utajua bei yako, wala si kwa kumchungulia jirani. Daftari hilohilo litakusaidia TRA, maana mfanyabiashara mdogo asiye na kumbukumbu hukadiriwa kodi bila kuulizwa. Namba ya mlipakodi hutolewa bure, usimlipe mtu wa kati. Leseni ni Manispaa ya Kigoma-Ujiji.

Sasa wenye vikapu. Hao usishindane nao bei, shindana nao usafi, kwa sababu wao hawana mahali pa kuosha. Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa hai nje ya mwili siku saba au zaidi, na tone la damu usiloliona kwenye kikata kucha linatosha. Vifaa vya chuma vioshe kwanza kwa sabuni na brashi, uchafu ukibaki dawa haifanyi kazi. Kisha viloweke dakika 10 kwenye Jik ya asilimia 3.5, sehemu moja ya Jik kwa sehemu sita za maji, suuza, kausha, la sivyo vitapata kutu. Fanya mbele ya mteja. Na wewe mwenyewe kachanje chanjo ya homa ya ini, dozi ni tatu.

Msasa hauoshwi ukatakata. Mimi kila mteja ana wake kwenye bahasha yenye jina lake, na bahasha zimepangwa ukutani. Nilianza kwa ajili ya usafi, lakini mtu akishaona jina lake ukutani kwako anaona tabu kwenda kwingine.

Jeli ya bei chee ni mtego. Kuna pia unga na maji ya kucha yenye kemikali iitwayo MMA, harufu yake inapasua kichwa na kucha zake ni ngumu hivi kwamba ukigonga mahali, ukucha wa asili ndio unaokatika. Marekani walianza kuipiga vita tangu miaka ya 1970. Na jeli nyingine zina TPO, kemikali inayoisaidia jeli kukauka kwenye taa, ambayo Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku kwenye vipodozi tangu Septemba 1, 2025. Soma karatasi ya nyuma ya chupa. Chupa isiyo na maandishi, iache dukani hata ikiwa ni bure. Pia usiruhusu jeli mbichi iguse ngozi. Taa dhaifu inakausha juu, chini panabaki pabichi, na ngozi ya mteja ikishaikataa jeli, itaikataa siku zote. Ngozi yako vilevile, na wewe unaishika kutwa.

Waume? Weka meza yako karibu na mlango, panapoonekana kutoka barabarani. Usiende nyumbani kwa mteja peke yako. Mwite mama, dada au shemeji kwa sauti inayosikika. Mume akija, mpe kiti na umwambie miguu yake ina magaga. Nusu ya wanaume wangu wa kusugua miguu walikuja kwa mara ya kwanza kukagua tu.

Mwanangu, mjukuu wangu anaolewa baada ya Idi. Anataka hina, piko na hizo kucha zenu zote kwa siku moja. Mimi nauliza pia kuhusu udhu. – Bibi wa Ujiji

Shikamoo bibi. Hina halisi hutoa rangi ya machungwa hadi wekundu uliokolea, haitoi weusi wa masizi. Weusi ule wa piko ni rangi ya nywele, na nyingi zina kemikali iitwayo PPD ambayo wengine huwatoa malengelenge yanayoacha alama ya ua lilelile walilochorwa. Mwambie bi harusi akae na hina. Apakwe hina kwanza, kucha siku mbili baadaye, maana mafuta yanayochanganywa na hina hufanya jeli isishike.

Udhu ni wa kumuuliza sheikh, mimi nasema la vidole tu. Hina inazama kwenye ukucha, haiachi utando. Rangi na jeli ni utando, maji hayapiti. Wateja wangu wanaoswali hupaka rangi ya kawaida wakiwa katika siku zao, wanaitoa kabla ya kuoga. Jeli haifai kwa ratiba hiyo. Nawaambia hivyo hata nikipoteza kazi.

Mimi nina saluni Kibondo. Mteja wangu ana mstari mweusi kwenye ukucha wa dole gumba la mguu. Anataka niufunike na rangi nyeusi. Nifanye?

Mwulize kwanza. Sisi watu weusi wengi tuna mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa, imekuwepo miaka, haina neno. Ukiwa ni mmoja, kwenye ukucha mmoja, umetokea ukubwani, unapanuka, au weusi umeshuka mpaka kwenye ngozi ya pembeni, usipake kitu. Bob Marley aligunduliwa saratani chini ya ukucha wa dole la mguu mwaka 1977, na mwaka 1981 akafariki akiwa na miaka 36. Piga picha ukucha kwa simu ya mteja mwenyewe awe na kumbukumbu ya upana wake, kisha mpeleke hospitali. Huku Kigoma mjini tunawatuma Maweni. Kama ni damu ya kujigonga utaiona inasogea mbele na ukucha, lakini aambiwe na daktari, si na wewe.

Vidoa vyeupe kwenye kucha ni upungufu wa kalisiamu?

Kwa kawaida hapana, ni kujigonga kudogo ulikosahau. Ukucha uliobonyea katikati kama kijiko ndio wa kupimisha damu.

Mwanangu wa miaka saba anakula kucha, nimempaka pilipili akajipaka machoni.

Pole yake. Acha pilipili. Mkate kucha kila Jumapili zisiwe na ncha ya kushika kwa jino, na umchunguze anazila saa ngapi. Wengi ni wakati wa kazi ya shule.

Dada, nachambua na kuanika dagaa Kibirizi. Rangi gani itakaa kwenye kucha zangu? – Mama Watatu

Hakuna itakayokaa, mama. Chumvi, mchanga na maji kutwa vinashinda rangi zote ninazouza. Mikono iache fupi, safi, na mafuta ya mise usiku. Fanya miguu, huko nyekundu inakaa mwezi mzima. Njoo wiki ya mbalamwezi, asubuhi, bei inapungua na foleni hakuna.