Mwinamo wa paa: maswali yenu kabla ya kununua mbao na mabati

Fundi mmoja anataka paa la nyuzi 25, mwingine anasema inchi 6 kwa futi. Wanatofautiana sana? (Msomaji, Kibaha)

Hapana. Wote wanataja kitu kilekile: paa linapanda kiasi gani kwa kila hatua ya mlalo kutoka ukutani kuelekea katikati ya nyumba. Inchi 6 kwa futi ni sm 50 kwa mita, sawa na nyuzi 26.6. Nyuzi 25 ni sm 46.6 kwa mita. Nyumba ikiwa na upana wa mita 8, kilele kinatofautiana kwa chini ya sm 15. Wa kumwangalia ni atakayeandika "25%", maana hiyo ni sm 25 kwa mita, nyuzi 14 tu, paa jingine kabisa. Mwambie kila fundi akuandikie urefu wa kingi posti (mbao ya wima ya katikati inayofika kileleni) kwa mita, ndipo ulinganishe bei zao.

Nyumba ni mita 8 kwa 12, paa la pande mbili, upenu sm 60 kila upande, nyuzi 25. Niagize nini? (Dodoma)

Pima upana kutoka uso wa nje wa ukuta hadi uso wa nje wa pili, si ndani ya vyumba. Nusu yake ni mita 4. Zidisha kwa 0.466, unapata mwinuko wa mita 1.87. Urefu wa mbao ya mteremko lazima uhesabu upenu pia: mita 4.6 (4 na upenu wa 0.6) mara 1.103, namba ya mteremko kwa nyuzi 25, ni mita 5.07. Mabati yapite ncha ya mbao kwa sm 5 yamwage ndani ya gata, kwa hiyo agiza ya mita 5.15 kiwandani.

Idadi inatokana na urefu wa paa, mita 13.2, ukigawa kwa upana ambao bati *linafunika* baada ya kupandiana, si upana wa bati lenyewe. Likifunika sm 76, ni mabati 18 kila upande, jumla 36. Wengi hupungukiwa hapa, wananunua mengine baadaye na rangi haifanani.

Jambo moja husahaulika: ncha ya upenu huu inashuka sm 28 chini ya mstari wa juu ya ukuta. Kama madirisha yako juu, fremu zinazofunguka nje zitagonga mbao.

Kwa mwinamo mwingine, namba ya kwanza ni ya mwinuko na ya pili ni ya urefu wa mteremko: nyuzi 15 (0.268, 1.035), nyuzi 20 (0.364, 1.064), nyuzi 30 (0.577, 1.155), nyuzi 35 (0.700, 1.221). Ukitoka nyuzi 25 kwenda 35, eneo la mabati linaongezeka kwa karibu 11%.

Paa la pande nne linakula mabati zaidi ya la pande mbili? (Morogoro)

Kwa eneo, hapana. Mwinamo na upenu vikilingana pande zote, eneo ni lilelile. Kinachoongezeka ni vipande vya pembetatu vinavyokatwa na kutupwa, pamoja na kofia za kwenye kona. Ila la pande mbili linadai pembetatu za tofali ncha zote mbili: kwa nyumba ya mita 8 hapo juu, ni karibu mita 15 za mraba za ukuta.

Paa langu ni nyuzi 15 na linavuja bondeni tu, pale mapaa mawili yanapokutana. Kwa nini? (Tanga)

Kwa sababu bonde lina mwinamo mdogo kuliko paa lenyewe. Maji yanakwenda mshazari, safari ndefu zaidi kwa kushuka kulekule: gawa 0.268 kwa 1.414, unapata 0.19, karibu nyuzi 11. Hapohapo bonde linabeba maji ya pande mbili, na majani hutulia humo. Maji yakikwama yanapanda kando na kuingia chini ya mabati.

Toa bati la bonde ukiliona lina upana wa chini ya sm 40. Weka pana zaidi, lenye kingo zilizokunjwa juu, na uache mfereji wazi wa sm 10 kati ya mabati ya paa. Msumari usipite katikati ya bonde hata mmoja. Silikoni peke yake itakuvusha msimu mmoja, kisha jua litaipasua.

Nataka kuongeza varanda ya mita 2 kwa mwinamo wa paa la zamani. Nitaupimaje? (Mwanza)

Ingia darini ukiwa na pima maji (kifaa cha fundi cha kupima usawa) ya mita 1. Ishike mlalo, ncha moja iguse chini ya mbao ya mteremko, kisha kwenye ncha ya pili pima wima hadi kwenye mbao. Ukipata sm 36, ni nyuzi 20.

Kabla ya kuufuata, hesabu kichwa chako: mita 2 kwa nyuzi 20 zinashuka sm 73. Upenu ukiwa mita 2.4 kutoka sakafuni, mtu atapita chini ya mita 1.67. Kwa nyuzi 10 inabaki mita 2.05. Chukua hiyo, na uchomeke mabati ya varanda chini ya ya zamani kwa angalau sm 25, kwa kuwa maji yote ya paa kubwa yatapita juu yake.