Laptopu ya zamani kwenye monita ya HDMI: angalia signali kwanza, plagi baadaye

Mkuu umeuliza laptopu yako ya DOS (ule mfumo wa zamani wa kuandika amri) ya miaka ya 90 utaiungaje kwenye monita mpya yenye HDMI tu, umeshanunua kawaya kenye kichwa cha VGA huku na HDMI kule na kioo bado cheusi. Kama hako kawaya ni waya mtupu kaweke pembeni kabisa, hakatafanya kazi hata ukikabembeleza. VGA inatoa signali ya analogi, yaani nyekundu, kijani na bluu kila moja inakuja kama volteji inayopanda na kushuka, HDMI yenyewe inataka data ya dijitali, na waya peke yake haubadilishi hiki kuwa kile. Unahitaji konveta yenye chipu ndani na yenye waya wa USB wa kuvuta volti 5, maana laptopu za enzi hizo nyingi hazitoi umeme kwenye tundu la VGA. Na usome vizuri mwelekeo kabla hujalipa, maana za HDMI kwenda VGA zimejaa na kwa sura ni zilezile, ila hazifanyi kazi kinyumenyume.

Sasa hizi mashine nazipenda na nimeunga za aina nyingi, na kinachokwamisha watu karibu kila mara ni kilekile, wanahangaika na umbo la plagi wakati monita inachojali ni signali inayoingia. Kwa hiyo geuza mashine uangalie nyuma. Matundu 15 kwa safu tatu, hiyo ni VGA, iliyokuja 1987 na IBM PS/2, na hapo una bahati. Matundu 9 kwa safu mbili, kama kwenye Toshiba T1000, hiyo mara nyingi ni CGA, mfumo wa picha wa kabla ya VGA, na hapo mambo ni mengine kabisa (usiichanganye na poti ya siriali, siriali ya PC ina pini zilizochomoza, hii ina matundu). CGA inachora mistari kwa 15.7 kHz (yaani mistari 15,700 kwa sekunde), VGA inachora kwa 31.5 kHz, na monita nyingi za leo zinaanzia karibu na 30, kwa hiyo hata ukipata plagi inayoingia utaambiwa tu signali iko nje ya masafa. Halafu rangi za CGA ni za volti 5, ipo au haipo, wakati VGA mwisho wake ni volti 0.7, ndo maana mimi siwezi kumshauri mtu achonge waya wa 9 kwenda 15, unaweza kuua monita. T1000 ina na tundu la RCA pembeni, hilo linaingia kwenye TV nyingi zenye tundu la njano, picha utaipata ingawa maandishi ya herufi 80 kwa mstari yanakuwa na ukungu. Ukitaka usafi wa kweli kwenye CGA tafuta RGB2HDMI, bodi ndogo ya umeme inayotumia Raspberry Pi Zero (kakompyuta kadogo), inasoma zile rangi moja kwa moja na picha inatoka kali sana.

Wenye PowerBook (laptopu za Mac za Apple za enzi hizo), 140 na 170 hazina kabisa njia ya kutoa picha nje, 160 na 180 zinayo ila kwa katundu kadogo kanakohitaji adapta yake, na baada ya hapo adapta nyingine ya kwenda VGA yenye viswichi, maana Mac inasoma pini fulani kujua imeungwa na monita gani ndo iamue itoe picha ya ukubwa gani.

Turudi kwako kwenye VGA, maana hata ukiwa na konveta sahihi kuna mtego mmoja. DOS kwenye maandishi haitoi 640x480 (pikseli 640 kwa upana, mistari 480 kwenda chini), inatoa 720x400 kwa mara 70 kwa sekunde. Windows ikiwaka kawaida inaenda 640x480 kwa 60. Konveta nyingi za bei chee zinaijua hiyo ya pili tu. Kwa hiyo fanya hivi, washa mashine, acha ifike mwisho, kama kioo cha nje bado cheusi andika win upige Enter bila kuona. Picha ikitokea Windows ilipofunguka basi waya wako ni mzima, laptopu nzima, tatizo ni konveta kutoielewa ile 70, usianze kufungua mashine bure.

Na hata monita inayoielewa huwa inabahatisha. 720x400 na 640x400 zina mistari ileile, kasi ileile, kila kitu sawa isipokuwa idadi ya pikseli kwa mstari, na hiyo idadi haisafiri ndani ya waya wa analogi, hamna pa kuisoma. Monita ikidhani ni 640, herufi yenye pikseli 9 kwa upana inasomwa mara 8. Sogea karibu uangalie herufi m, ukiona miguu yake haina unene sawa, mmoja mweupe mwingine umefifia, ujue ndo hilo. Ikidhani 720 maandishi yanakaa vizuri ila gemu za 320x200 ndo zinapata ukungu. Monita chache zina menyu ya kuchagua mwenyewe, vinginevyo OSSC, konveta ya kurekebisha mwenyewe, inakuruhusu kuweka kwa mkono idadi ya sampuli, yaani isome kila mstari mara ngapi, kwa 720 ni 900 kwa mstari mzima ukijumlisha na sehemu isiyoonekana. Sio rahisi kibei, ila kwa mtu anayeandika au kucheza DOS kila siku naona inastahili.

Kama monita yako ina tundu la VGA lenyewe, tumia hilo, achana na konveta. Ila kile kitufe cha kujirekebisha usikibonyeze ukiwa kwenye C:\> tupu ya DOS, kioo kizima ni cheusi na monita haioni kingo ziko wapi, picha itakaa upande. Fungua EDIT, programu ya kuandikia ya DOS, kwanza, ile bluu yake inajaza kona hadi kona, ndo ubonyeze. Na uweke uwiano wa 4:3, usiache picha ivutwe kwa upana, kila duara linakuwa yai.

Kuhusu kuwasha, unga waya mashine zote zikiwa zimezimwa, washa monita kwanza halafu laptopu, maana baadhi zinapima mara moja tu wakati wa kuwaka kama kuna monita upande wa pili. Kitufe cha kuhamisha picha ThinkPad nyingi ni Fn+F7, Toshiba nyingi Fn+F5. Chagua nje peke yake, ukiwasha vioo vyote viwili mara nyingi signali inafuata kioo cha ndani na konveta inaikataa. Na waya ukigoma kuingia usilazimishe, kuna mashine tundu la pini ya 9 limezibwa tangu kiwandani, tafuta waya usio na hiyo pini.

Weka hapa modeli ya laptopu na maneno kamili yanayotokea kwenye monita, kama inasema haioni signali au inasema iko nje ya masafa, maana hayo ni magonjwa mawili tofauti.