Pua iliyobonyea baada ya operesheni ya kwanza: kwa nini daktari anataka gegedu la ubavu

Mleta uzi, pole sana. Umeuliza mambo mawili. Pua yako ilinyooshwa baada ya ajali ya bodaboda, sasa imebonyea katikati na usiku unapumulia mdomo: je, urudie operesheni? Na kwa nini daktari wa pili anataka kukukata ubavuni wakati tatizo liko puani? Nimeipita njia hiyo hiyo, kuanzia kiwiko nilichopigwa kwenye netiboli mpaka operesheni ya marudio, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Kubonyea na kukosa hewa ni tatizo moja. Pua huko juu, kati ya macho, ni mfupa. Kuanzia katikati kushuka chini ni gegedu, yaani ile sehemu ngumu kiasi inayopindika, na linabebwa na ukuta unaotenganisha matundu mawili. Ukuta huo ndio kenchi. Ukiondoka, bati linakaa chini. Daktari anayenyoosha ukuta uliopinda hukata sehemu ya gegedu lake, hilo ni jambo la kawaida, ila anatakiwa aache ukanda wa walau sentimita moja kwa juu na kwa mbele, wenye umbo la herufi L. Hospitali niliyoanzia, ambayo sitaitaja, ukanda walioniachia haukutosha. Mgongo wa pua ukashuka polepole, na kuta za pembeni zikaingia ndani. Hapo ndipo penye njia nyembamba kuliko zote puani, pakibana kidogo tu unaona tofauti.

Jaribu hivi: weka vidole viwili shavuni karibu na pua, vuta shavu taratibu kuelekea sikioni, halafu vuta hewa kwa tundu la upande huo. Hewa ikiingia vizuri ghafla, basi inawezekana sana shida iko kwenye mwanya huo, na matone ya kuzibua pua hayataimaliza. (Hayo matone usiyatumie zaidi ya wiki hata hivyo, yanafika mahali yenyewe ndiyo yanavimbisha pua.) Daktari wangu wa pili, bingwa wa masikio, pua na koo, alinifanyia jaribio hilo, kisha akachukua kile kibati cha chuma cha kukandamizia ulimi, akakishika chini ya pua yangu, akaniambia nipumue kawaida. Upande wa kulia ulifanya ukungu mpana. Wa kushoto ulifanya kidoa ambacho hakikufika hata ukubwa wa ukucha. Nilikuwa nimeambiwa muda wote kwamba nina aleji. Nilitokwa na machozi pale pale kwenye kiti.

Sasa ubavu. Pua iliyoanguka inahitaji kujengwa upya kwa gegedu, na chaguo la kwanza ni la ukuta wa pua wenyewe. Kwako na kwangu limeshakatwa. La sikio ni laini na limejikunja. Linafaa kwa ncha au kwa kushikilia pembeni, kubeba mgongo mzima haliwezi. Silikoni ipo, lakini ni kitu kigeni, na kwenye pua iliyokwisha kukatwa, yenye ngozi iliyosinyaa na makovu ndani, inaweza kupata maambukizi au kusukumwa mpaka itoboe ngozi. Gegedu la ubavu ni lako mwenyewe, gumu, na lipo la kutosha. Mara nyingi huchukuliwa ubavu wa sita au wa saba. Vipande vyembamba viwili huwekwa, kimoja kila upande wa ukuta, ili kutanua ule mwanya, kingine hunyanyua mgongo, kingine hushikilia ncha. Umbo na hewa vinarudi kwa kazi ile ile moja.

Ubaya wake usifichwe. Gegedu la ubavu hupenda kupinda likishachongwa. Ndiyo maana wapasuaji makini huliacha kwanza kwenye maji ya chumvi waone linaelekea wapi kabla ya kulishona. Kwa watu wa umri mkubwa huwa limeanza kugeuka mfupa, kwa hiyo uliza kama utahitaji picha ya CT ya kifua. Utando wa pafu unaweza kutobolewa. Kabla ya kufunga, hujaza maji kwenye kidonda na mtu wa nusu kaputi hujaza mapafu hewa, waone kama kuna mapovu. Na jambo linalotuhusu sana sisi Waafrika ni keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua: kifua ni mahali pake hasa. Kama una kovu lolote lililowahi kuvimba, hata la kutoboa sikio, lionyeshe mapema. Mimi nilikatwa kwenye mkunjo wa chini ya titi, kovu ni mstari mwembamba.

Baada ya operesheni, kifua kiliniuma kuliko pua. Kukohoa bila kukumbatia mto hakuwezekani. Plasta ya nje huondolewa baada ya wiki moja hivi. Usipenge kamasi mpaka uruhusiwe, lala kichwa kikiwa juu, miwani isikalie pua. Uvimbe wa ncha kwa ngozi nene kama zetu huchukua mwaka na zaidi, hivyo usiihukumu pua mapema. Hewa upande wa kushoto sasa inapita. Kukoroma kumepungua, hakujaisha.

Usikimbilie. Madaktari wengi hutaka mwaka upite tangu operesheni ya kwanza ili makovu ya ndani yalainike, isipokuwa kama kuna dharura.

Wazazi mnaosoma: mtoto akipigwa pua, kisha ikaziba kabisa huku uvimbe laini ukionekana ndani, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Damu iliyojikusanya kwenye ule ukuta hulinyima gegedu chakula, likifa pua inabonyea.

Kuhusu bima, nyingi hazilipi urembo. Mwombe daktari aandike wazi kwamba njia ya hewa imeziba na vipimo alivyofanya. Na kabla ya kumwona tena, omba ripoti ya maandishi ya operesheni ya kwanza. Daktari wa pili anahitaji kujua kilichokatwa na kilichobaki.